Ghala ya Mwili na Maradhi ya Kisukari: Funzo Kutoka Hagadera

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, na sala na salamu zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo:

Ndugu zetu Waislamu, katika miji yetu ya pwani, tangu Lamu mpaka Vanga, yamezoeleka maneno matatu juu ya maradhi ya kisukari. Wako wasemao kwamba ni maradhi ya wenye mali, wala masikini hayamfiki. Wako wasemao kwamba yatokana na sukari ya kijiko tu, na aiachaye katika chai amesalimika, hata akila mkate mweupe kutwa mara tano. Na wako wasemao kwamba ni jicho au uhasidi, wakamkimbiza mgonjwa kwa mganga kabla ya kumpeleka kwa tabibu. Maneno yote matatu yana kasoro, na kasoro hizo zimewapotezea watu macho yao, miguu yao na roho zao.

Katika darasa hii twataka kueleza chakula tulacho huwekwa wapi mwilini, na kwa nini mwili hufika mahali ukakataa kukipokea. Mfano wetu tutautoa Hagadera, mahali ambapo wengi wasingedhani kuyakuta maradhi haya.

KWA NINI HAGADERA?

Hagadera iko upande wa Fafi, katika Kaunti ya Garissa, kwenye nchi kavu ya kaskazini mashariki ya Kenya. Ni moja katika kambi za wakimbizi zijulikanazo kwa jina la Dadaab. Kambi ya Ifo ilifunguliwa mwaka 1991, na Dagahaley na Hagadera zikafuata mwaka 1992, baada ya serikali ya Somalia kuanguka na watu kukimbia vita. Kambi hizo zilipangiwa watu 90,000. Lakini mwaka 2011, ukame na vita vilipokutana, zilikuwa na watu zaidi ya 460,000. Wengi wao ni ndugu zetu wa kibla kimoja, waliofika na watoto mgongoni na mikono mitupu.

Lau kisukari kingekuwa ni maradhi ya matajiri peke yao, kisingepata njia ya kuingia huko. Lakini kimeingia. Katika Dagahaley, jirani wa Hagadera, madaktari wa shirika la Médecins Sans Frontières wamekuwa na wagonjwa wasioweza kuishi pasipo sindano ya insulini. Dawa hii huhifadhiwa mahali pa baridi, na nyumba za kambini hazina friji. Basi wagonjwa walikuwa hawana budi kwenda hospitali kila siku ili wadungwe sindano. Shirika hilo likashirikiana na Chuo Kikuu cha Geneva, wakapima joto la nyumba za Dagahaley, wakaona hupanda na kushuka baina ya digrii 25 na 37. Kisha wakaijaribu insulini katika joto kama hilo, na mwaka 2021 wakatangaza kwamba chupa iliyokwisha kufunguliwa yaweza kukaa humo wiki 4 bila ya kupoteza nguvu zake. Hiyo ni khabari ya faraja kwa kila aliye mbali na umeme, maadamu afuate maagizo ya tabibu wake wala asiiache dawa juani. Lakini khabari hiyo hiyo yatwambia jambo jingine: kwamba kisukari kimekaa katika vibanda vya turubai kama kikaavyo katika majumba ya ghorofa.

Tutazame basi chakula cha mtu wa huko. Posho ya Shirika la Chakula Duniani kwa miaka mingi imekuwa nafaka au unga, jamii ya kunde, mafuta ya kupikia na chumvi. Mboga, maziwa na nyama mtu hujinunulia, akipata. Mwaka 2016 uliletwa mpango uitwao Bamba Chakula, ambao ulimpa mkimbizi fedha kidogo kwa njia ya simu apate kununua vyakula vibichi kwa wafanyabiashara wa kambini. Lakini mwishoni mwa mwaka huo huo posho ikakatwa nusu kwa uhaba wa fedha za wafadhili, na kukatwa huko kumerudi tena katika miaka ya baadaye. Fedha zikipungua, mtu hununua kinachojaza tumbo kwa bei ndogo: unga mweupe wa ngano, wali, tambi, mafuta, na chai yenye sukari nyingi ili kuituliza njaa baina ya mlo na mlo.

Ndugu zake walipokuwa wafugaji, walikunywa maziwa ya ngamia, wakala nyama na nafaka kidogo, na wakatembea masafa marefu nyuma ya wanyama wao. Leo amekaa mahali pamoja, hana mifugo wala shamba, na chakula chake kingi ni wanga mtupu. Basi hakutajirika, kilichobadilika ni namna ya chakula chake na mwendo wa mwili wake.

SAFARI YA CHAKULA MWILINI

Mtu alapo wali, mkate, ugali, muhogo au ndizi, tumbo na utumbo huusaga wanga uliomo ukawa sukari nyepesi iitwayo glukosi. Glukosi hii huingia katika damu, nayo ndiyo kuni za mwili. Hapa ndipo ijulikanapo kwamba mkate mweupe na sukari ya kijiko havikuachana sana: mkate nao huishia kuwa sukari, na ule uliokobolewa sana huwahi kuwa sukari upesi.

Na ajabu ya uumbaji wa Mwenyezi Mungu ni kwamba damu yote ya mtu mzima mwenye afya ina kadiri ya gramu 5 tu za sukari, yaani kama kijiko kimoja cha chai. Sasa tazama: kikombe kimoja cha wali uliopikwa kina kadiri ya gramu 45 za wanga, na chupa ya soda ya mililita 300 ina kadiri ya gramu 30 za sukari. Sukari yote hiyo ikibaki katika damu, mtu ataangamia. Hapana budi iondolewe humo na kuwekwa mahali.

Mwenye kazi hiyo ni kiungo kiitwacho kongosho, kilichoko nyuma ya tumbo. Sukari ipandapo katika damu, kongosho hutoa insulini, nayo huenda kama mjumbe akibisha milango ya misuli na ini, akisema: fungueni, pokeeni.

Ghala za sukari ni mbili. Ya kwanza ni ini, ambalo huweka kadiri ya gramu 100. Ya pili ni misuli, ambayo kwa jumla yaweza kuweka kadiri ya gramu 400. Sukari iliyowekwa hivyo huitwa glaikojeni. Baina ya ghala hizi mbili iko tofauti kubwa: ini huweka kwa ajili ya mwili wote, na mtu alalapo au afungapo, hulirudishia damu lile lililowekwa, kidogo kidogo, ili ubongo usikose. Ama misuli haimkopeshi mtu. Iliyoweka huitumia yenyewe, na haiitumii ila kwa kazi. Misuli isiyofanya kazi ni ghala isiyotolewa kitu.

GHALA IKIJAA

Ghala zote mbili zikishajaa, na chakula kinaendelea kuja, mwili hauitupi neema. Ini hugeuza sehemu ya ile iliyozidi ikawa shahamu, na shahamu huwekwa chini ya ngozi. Lakini akiba ya chini ya ngozi nayo ina mpaka, na mpaka huo hautoshani baina ya mtu na mtu. Ikipita mpaka, shahamu huanza kujiweka mahali pasipo pake: ndani ya ini, ndani ya misuli, na katika kongosho lenyewe. Ndiyo sababu mtu mwembamba wa kutazama aweza kuwa na ini lililojaa shahamu, na mwingine mnene kuliko yeye akawa salama. Kitambi ni dalili kubwa kuliko unene wa mwili wote.

Shahamu ikishaingia katika ini na misuli, amri ya insulini haisikiki vyema. Mjumbe hubisha, na mlango haufunguki. Ini nalo, badala ya kupokea sukari, huendelea kuitoa kana kwamba mtu amefunga, hali damu imejaa. Haya ndiyo waitayo matabibu ukinzani wa insulini. Tabibu Harold Himsworth wa London alilionyesha jambo hili mwaka 1936: aliwapa wagonjwa sukari na insulini pamoja, akaona wengine sukari yao ikazuilika na wengine ikapanda kana kwamba hawakupewa dawa. Hao wa pili insulini ilikuwamo mwilini mwao, lakini haikutiiwa.

Kongosho lionapo hivyo huongeza wajumbe, mara mbili, mara tatu ya kawaida. Kwa miaka mingi mtu hahisi lolote, na hata akipimwa damu aweza kukutwa sawa, kwa kuwa kongosho linamsitiri. Kisha huchoka. Hapo ndipo sukari ipandapo, zikaja dalili: kiu, kukojoa mara nyingi, kukonda, macho kufifia, ganzi ya miguu, kidonda kisichopona.

Na hapa tuonye jambo lisichanganywe. Iko aina nyingine ya kisukari, ambayo huwashika watoto na vijana zaidi, ambamo kongosho huharibika likawa halitoi insulini, au hutoa kidogo mno. Hiyo haikuletwa na ulaji, wala haiondoki kwa kubadili chakula. Kabla ya insulini kugunduliwa katika mji wa Toronto mwaka 1921, mtoto mwenye aina hiyo hakuwa na ila kungojea mauti. Amkatiaye mtoto kama huyo sindano yake kwa kufuata ushauri wa mganga, au kwa kudhani kwamba maji ya kombe yatatosha, amemtia katika maangamizi. Dua ni ibada, na dawa ni sababu, Mtume (S.A.W.) ametuamrisha kujitibu, wala hakutuamrisha kuchagua moja na kuiacha nyingine.

NJAA YA JANA NA SHIBE YA LEO

Liko jambo liwahusulo watu wa Hagadera kuliko wengine. Katika majira ya baridi ya mwaka 1944 na 1945, wakati wa vita kuu, watu wa Uholanzi walipatwa na njaa kali. Waliokuwa matumboni mwa mama zao siku hizo walipokuwa watu wa kadiri ya miaka 50 walipimwa, na matokeo yakatangazwa mwaka 1998: walipokunywa sukari, damu zao zilishindwa kuiondoa kama za wenzao waliozaliwa kabla ya njaa au waliotungwa baada yake. Mwili uliofunzwa uhaba tangu tumboni hushindwa kuhimili wingi ukiujia baadaye.

Tarehe 20 Julai 2011 Umoja wa Mataifa ulitangaza baa la njaa katika sehemu za kusini ya Somalia, na mwaka huo watu zaidi ya laki moja walimiminika Dadaab. Watoto waliokuwa matumboni mwaka ule leo ni vijana. Mtu wa namna hii akikuzwa kwa unga mweupe, mafuta na chai ya sukari, amejumuishiwa mambo mawili: mwili uliojizatiti kwa njaa, na chakula kinachojaza ghala upesi. Basi si haki kumwambia mgonjwa wa kambini kwamba amejiletea mwenyewe kwa ulafi. Hakuichagua njaa, wala hakuichagua posho.

Lakini sisi wa mijini tunachagua. Na hisabu ya mwenye kuchagua haiwi kama ya asiyechagua.

NINI LA KUFANYA?

Kwanza, nafaka na irudi katika asili yake. Mtama, mawele, wimbi, na mahindi yasiyokobolewa yana nyuzinyuzi, nazo huchelewesha sukari isiingie damuni kwa mkupuo. Wazee wetu walikula mkate wa mofa wa mtama. Mkate mweupe ulikuja baadaye, tukadhani ndio ustaarabu.

Pili, wanga usiwe ndio chakula na vinginevyo vikawa kitoweo cha kuonjea. Nusu ya sahani na iwe mboga: mchicha, kisamvu, bamia, mabiringani. Robo iwe samaki, mayai, nyama, kunde au mbaazi. Robo iliyobaki ndiyo ya wali au mkate. Na akianza mboga na samaki kabla ya wali, sukari yake hupanda polepole zaidi.

Tatu, sukari ya kunywa ni mbaya kuliko ya kutafuna. Soda na maji ya matunda yaliyotiwa sukari hayana cha kuyazuia, na nusu ya sukari yake ni ya namna ambayo kazi yake kubwa huliangukia ini, nalo huigeuza shahamu. Tunda lenyewe, kwa kiasi, haliko sawa na maji yake. Na mabaraza ya miraa, mjini Garissa kama Mombasa, yana madhara yake mengine yajulikanayo. Tuongeze hili, kwamba soda na chai tamu zinazoteremshwa usiku kucha pamoja na miraa, kisha mtu akakosa usingizi, ni mzigo juu ya mzigo.

Nne, misuli ifanyishwe kazi. Mwenyezi Mungu ameipa misuli mlango mwingine: inapofanya kazi, huvuta sukari hata pasipo amri ya insulini. Kutembea robo saa baada ya chakula ni kuitoa ghala na kuipa nafasi. Kwenda msikitini kwa miguu baada ya chakula cha usiku kuna thawabu na kuna dawa.

Wala haya si maneno ya kubahatisha. Mwaka 2002 kulitangazwa Marekani matokeo ya uchunguzi wa watu 3,234 waliokuwa karibu ya kuingia katika kisukari. Walioshauriwa kupunguza uzito kwa sehemu 7 katika 100, na kufanya mazoezi kama kutembea kwa dakika 150 kila wiki, kisukari kilipungua kwao kwa asilimia 58. Na waliopewa vidonge vya metformini, kwa asilimia 31. Na Uingereza, mwaka 2017, karibu nusu ya wagonjwa waliopunguzwa sana chakula chini ya uangalizi wa matabibu walikuwa, baada ya mwaka mmoja, sukari yao imerudi chini ya kiwango cha ugonjwa pasipo dawa. Ghala ikitolewa, mlango hufunguka tena. Lakini hao walikuwa wagonjwa wa miaka michache, na walisimamiwa. Asithubutu mtu kuacha dawa zake kwa kusoma ukurasa huu.

MASUALI NA MAJAWABU

Suali: Nitajuaje kwamba ninayo?

Jawabu: Kwa kupimwa, si kwa kuonja wala kwa kutazama chungu katika mkojo. Damu ikipimwa asubuhi kabla ya kula, ikafika milimoli 7 kwa lita au zaidi, na kipimo kikarudiwa kikawa vivyo hivyo, hicho ni kisukari. Baina ya 6.1 na 6.9 ni onyo, na huo ndio wakati bora wa kujirudi.

Suali: Maziwa ya ngamia yanaponya kisukari?

Jawabu: Ni chakula chema, na kuyanywa badala ya soda ni faida tupu. Lakini hayakuthibitika kuwa ni badala ya dawa. Ayanywe anayeyapata, na sindano yake asiiache.

Suali: Mgonjwa afunge Ramadhani?

Jawabu: Mwenyezi Mungu katika Suratul Baqara amempa mgonjwa ruhusa ya kutofunga na kulipa siku nyingine, na ambaye maradhi yake ni ya kudumu, hawezi kufunga wala kulipa, hulisha masikini. Aonane na tabibu wake kabla ya mwezi kuandama. Wako wagonjwa wanaoweza kufunga kwa kubadilishiwa nyakati za dawa, na wako ambao kufunga kwao ni khatari, khasa atumiaye insulini aliyewahi kuzimia. Kujipima damu kwa tone la kidole hakufunguzi, kwa kauli ya maulamaa wengi wa zama zetu. Na sukari ikishuka chini ya 3.9, au ikipanda juu ya 16.7, na afungue papo hapo. Kuokoa nafsi ni katika amri za dini hii, wala si udhaifu wa imani.

Ama mwenye afya, saumu ni rehema kwake: kwa saa nyingi ini hutoa akiba yake, na mwili ukaanza kutumia shahamu. Lakini tunafanya nini ikiadhiniwa magharibi? Mtume (S.A.W.) alifuturu kwa tende chache, na asipopata, kwa maji. Sisi huleta kaimati za shira, mahamri, viazi, tambi za sukari, shurbati, kisha wali; na kabla ya isha ghala iliyotolewa kutwa imejaa na kufurika. Katika Suratul Aaraf tumeruhusiwa kula na kunywa, tukakatazwa kupita kiasi, na Mtume (S.A.W.) amelifanya tumbo mafungu matatu, moja la chakula, moja la maji na moja la pumzi. Sisi tumeyatwaa yote matatu tukayatia chakula.

KHATIMA

Kila Ramadhani watu wa pwani hukusanya sadaka za futari na kuzipeleka kwa masikini, na nyingine hufika mpaka kambi za Garissa. Ni amali njema, na Mwenyezi Mungu aipokee. Lakini tazameni vifurushi vyetu: sukari, unga mweupe, mchele, mafuta, na unga wa kutengenezea shurbati. Tumempa ndugu yetu kile kile ambacho tayari kimemwelemea. Haigharimu sana kupunguza sukari na kutia mahali pake kunde, dengu, pojo, unga wa mtama na maziwa ya unga. Na kamati ya msikiti inayoweza kununua kipimo kimoja cha sukari, kikawekwa kwa mtu mwaminifu aliyefunzwa kukitumia, itaokoa macho na miguu ya watu wengi.

Kumpa mtu chakula ni amana, kama kumpa mtu dawa. Kinachoingia katika ghala ya mwili wa jirani yako kwa mkono wako, utaulizwa juu yake.

Mwenyezi Mungu atujaalie afya ya miili na dini, awaponye wagonjwa wetu wa mjini na wa kambini, na atuafikishe katika kheri. Amin.